Kofia Nyekundu ya Chumba cha Data

Wakubwa walitaka kila mtu wa idara yetu ya data awe na chumba chake ndani ya mtambo wa kompyuta: nakala yake ya majedwali, avuruge atakavyo bila kumharibia mwenzake. Kazi ya kuviandaa nikapewa mimi. Nafungua chumba, naandika jina la mtu, nampa nywila, namwingizia nakala, nahamia kwa mwingine. Kufika mchana kila mtu alikuwa na chake, na ofisi ikawa kimya.

Kimya! Ofisi ile ile ya makelele yetu!

Enzi zetu chumba kilikuwa kimoja tu. Ukigusa kitu, umewagusia wote. Ndiyo maana tukawa na kofia nyekundu ya sufu: anayetaka kubadilisha jedwali aivae kwanza, wengine mikono mbali. Iwe joto, iwe baridi, unavaa. Aliyekuwa haivai ni mmoja tu, fundi wa ripoti tuliyembandika jina la Bwana Pole. Siku alipofuta anwani zote za wateja, nilimfokea mpaka mlinzi akapanda ghorofani mbio. "Pole, dada," akasema, kisha akakaa nami mpaka tukazirudisha. Jamani, tulicheka siku ile! Mwaka uliofuata akanioa.

Sasa amestaafu, yuko nyumbani, na mikono bado inamuwasha. Wiki iliyopita nilirudi nikakuta jiko langu limepinduliwa: masufuria chini, vikombe chini, chumvi sijui wapi. Nikawaka. Safari hii hakusema pole. Alisema, "Kwani hii nyumba ni ya nani?" Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu, "Basi kila mtu na chake!" Akabeba mto wake, akahamia chumba cha watoto, ambao walishaondoka zamani. Tangu hapo tunasalimiana kama wapangaji.

Basi mchana ule ofisini nikawatazama wenzangu, kila mmoja na visikilizi vyake masikioni. Nikavuta droo ya chini. Kofia ilikuwemo, nondo wameila upande mmoja. Machozi yakanitoka, sikuyaficha. Nilikuwa nimemkumbuka mume wangu, na mtu mwenyewe yuko hai, chumba cha pili.

Jioni nilianzia jikoni kutafuta chumvi. Ilikuwa kwenye rafu ya chini, mkono unapofika wenyewe. Na sukari. Na sufuria ninayoitumia kila siku. Juu aliacha tu vitu nisivyovigusa. Bega langu hili la kulia halinyanyuki vizuri tangu mwaka jana. Nililalamika usiku mmoja tu, nikadhani amelala.

Nikaitoa kofia mkobani, nikaivaa, nikagonga mlango wake.

"Nani?"

"Mimi. Nimevaa kofia."

Kitanda kikalia. Akafungua, akanikodolea macho.

"Pole," nikamwambia.

Aliivua kofia kichwani mwangu taratibu, akaivaa yeye, imekaa upande, kisha akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kurudisha mto wake.