Mkono wa Glavu

Mama Kiraka alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia chakula, ametandaza gazeti kuukuu, anashona yai kwa soksi nyeupe. Pembeni yake palikuwa na mwavuli usio na kitambaa, leso yenye mguu mmoja wa suruali, na fimbo aliyoitengeneza kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili ilegee kila ikiinuliwa. Vyote vilikuwa vya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye watu walimwita Profesa ingawa shule aliiacha mapema. Profesa alikuwa mfanya mazingaombwe wa shughuli ndogondogo, na kati ya kiinimacho kimoja na kingine alihitaji dakika mbili tatu za kupanga vitu vyake nyuma ya pazia. Dakika hizo zikiachwa tupu, watu huanza kuangalia simu. Mama Kiraka, ambaye kazi yake ilikuwa kushona nguo zilizochanika, alimtengenezea vituko vya kuzibia hayo matundu pia.

"Shemeji, Jumamosi kuna sherehe ya wafanyakazi kiwandani," Profesa alisema. "Nataka mkono."

"Mkono gani?"

"Wa bandia. Namsalimia meneja, mkono unang'oka, anabaki nao. Watu watavunjika mbavu."

Hakumwuliza kiwanda gani. Mumewe alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha maboksi miaka kumi na tisa, mpaka asubuhi ile mashine ya kukatia ilipomchukua mkono wa kulia, naye akaufuata kabla gari halijafika hospitali. Kifuniko cha kinga kilikuwa kimeondolewa ili kazi iende haraka, na hakuna aliyekuwa hajui. Ripoti ilisema: Uzembe wa marehemu. Maneno matatu. Binti yao aliyasoma, na tangu siku hiyo hakumtaja tena baba yake mbele ya wenzake.

Mama Kiraka alifungua droo, akatoa glavu ya kazini ya mumewe, ya kulia, iliyokuwa na alama ya kuungua kwenye kidole gumba. Siku ya ajali ilikuwa imeanikwa uani. Aliijaza matambara kidole kwa kidole, akaikaza kwenye kifundo. Alipofunga uzi wa mwisho, mkono uligeuka kifudifudi, ukagonga meza mara mbili kwa kidole cha kati, kama mumewe alivyozoea kugonga akitaka chumvi. Mama Kiraka akausogezea chumvi. Kisha akakumbuka kwamba hauna mdomo, akairudisha mahali pake.

Profesa alipokuja kuuchukua, Mama Kiraka alimwambia, "Ni wa kaka yako."

"Glavu?"

"Na mkono."

Profesa akainama. "Shikamoo, kaka." Mkono ukamminya vidole. "Atakubali kuchekesha watu?"

"Kwani kazi aliikataa lini?"

Jumamosi mchana walikusanyika kwenye bwalo la kiwanda, juu ya viti vya plastiki. Yai la soksi lilitoka sikioni mwa mhasibu, fimbo ikalegea, watu wakacheka. Ndipo Profesa akamwita meneja mbele, akampa mkono. Mkono ukang'oka, Profesa akajitupa chini akilia machozi ya uongo, na meneja akauinua juu bwalo zima liuone. Kicheko kilienda mpaka kwa wapishi. Baadaye meneja akataka kuuweka mezani. Haukumwachia. Alitikisa, akavuta, akaubana chini ya kiatu, na kila alivyofanya walizidi kucheka.

Waliokuwa safu ya mbele ndio waliotambua ile alama kwenye kidole gumba. Walinyamaza wao kwanza, kisha safu ya pili, na kimya kikaenda nyuma polepole mpaka ukutani. Profesa alimalizia viinimacho viwili vilivyobaki bila mtu kupiga makofi. Wafanyakazi walipanga viti wenyewe, wakaondoka.

Jumatatu meneja alimwita Mama Kiraka ofisini.

"Mama, mwambie aniachie."

"Mwambie wewe. Kinachomkera unakijua."

"Ile ripoti? Mama, ripoti ikishapelekwa juu haibadilishwi."

"Basi ngoja."

Meneja hakungoja. Alikata mshono kwa mkasi, matambara yakamwagika kwenye zulia, lakini glavu ilimshika vilevile. Ikawa inadondosha vipande mbele ya wageni, na hilo lilimuudhi kuliko kushikwa kwenyewe. Kwa hiyo kila Ijumaa Mama Kiraka alikuja na sindano yake kuuziba. Alimpanulia na mikono ya mashati pia. Meneja alijifunza kuandika kwa kushoto. Wageni walimsalimia kwa kushoto, wakazungumzia hali ya hewa.

Siku nyingine mkono ulimvuta, ukamshusha ngazi mpaka kwenye mashine ya kukatia. Alisimama pale, akatazama kisu kikipanda na kushuka bila kifuniko, akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Mkono ulipochoka, alirudi ofisini.

Mama Kiraka alishona polepole. Kabla ya kufunga mshono aliingiza vidole viwili ndani ya glavu. Mlikuwa na joto, kama la mto wa mtu aliyeamka sasa hivi.

"Baba anasemaje?" binti yake alimwuliza Ijumaa moja, bila kuinua macho kwenye daftari.

"Hasemi. Ameshika tu."

Mwezi wa saba, mashine ilimchukua msichana wa zamu ya asubuhi vidole vitatu. Mama Kiraka alikuwa ofisini, sindano mkononi, karani alipoleta karatasi.

"Nisaidie kuishika hapo pembeni, Mama," meneja alisema. "Kwa kushoto inateleza."

Aliishika. Kusoma alijua, akasoma. Uzembe wa mfanyakazi. Mkono wa glavu ulikaza mpaka kucha za meneja zikawa nyeupe. Meneja alifumba macho, akangoja kama mtu anayengoja kwikwi ipite, kisha akatia saini. Mama Kiraka alikuwa bado ameishikilia ile karatasi. Karani ndiye aliyeitoa vidoleni mwake.

Akarudi kwenye mshono. Akainama karibu na glavu, akaongea kwa sauti aliyokuwa akiitumia chumbani kwao.

"Baba Nanihii, umeshika sana. Ukitaka kuja nyumbani, njoo. Hakuna atakayekulaumu."

Vidole vilifunguka, kimoja baada ya kingine, kwa mara ya kwanza tangu ile sherehe. Meneja akauvuta mkono wake, akausugua, akautazama ulivyopauka. Glavu ilibaki juu ya meza, kiganja juu. Mama Kiraka aliweka chake juu yake. Walikaa hivyo muda wa kutosha chai ya meneja kupoa.

Kisha mkono ukajitoa chini ya kiganja chake, taratibu, ukatambaa kuvuka meza. Meneja akaunyoosha wake bila kuambiwa, kama anavyofanya mgonjwa mbele ya daktari, nao ukaushika.

Mama Kiraka alikata uzi kwa meno, akachomeka sindano kwenye kitambaa chake.

"Ijumaa ijayo," alisema.

"Ijumaa," meneja akajibu.