Asubuhi Redio Iliponyamaza

Mwaka 2017, vita vya upande wa Nyunzu vilipokuwa vimejaza wakimbizi kila kiwanja cha Kalemie, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, Pascasie alikuwa fundi wa redio ndogo ya mtaani, juu ya kilima kinachotazama bandari. Meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa imeungua tangu Pasaka. Kuanzia hapo maiki, muziki na matangazo, vyote vilipitia kompyuta moja kabla ya kufika kwenye mtambo wa kurushia.

Kompyuta yenyewe ililiwa na virusi hadi ikawa inajizima katikati ya habari. Jumamosi alasiri, matangazo yalipopumzika, Pascasie aliifuta yote akaweka Linux, mfumo wa bure ambao shemeji yake Twahiri alimletea kwenye diski kutoka Kigoma. Sauti ilitoka vizuri. Kwa kutaka kazi iliyokamilika, akauruhusu mfumo ujisasishe kwa mtandao. Mtandao ukakatika katikati. Hakujali. Alipiga wimbo mmoja, akasikia uko sawa, akaizima kompyuta na kwenda nyumbani.

Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri aliiwasha ili afungue siku. Kimya. Akachomoa nyaya, akazirudisha. Kimya. Alipofungua mipangilio ya sauti, mahali pa jina la kadi ya sauti palikuwa na maneno ya Kifaransa, *Sortie factice*: mlango wa sauti usiokuwepo.

Saa moja na nusu mlango ulisukumwa. Papa Évariste, mkurugenzi, aliingia akihema, shati limefungwa vifungo vibaya.

"Pascasie! Kuna nini na redio?"

"Papa, sauti imekataa. Niko natafuta."

"Tafuta mbio. Batu banakimbia! Banasema Mai-Mai wameingia, redio njo wameikamata kwanza."

Pascasie alitaka kucheka, ikashindikana. Katika mji ule kila mtu mzima alijua kwamba wenye bunduki kama hao wanamgambo wa Mai-Mai wakiingia, huanza na redio. Alikwenda dirishani. Kule chini, kwenye barabara kubwa, watu walikuwa wanashuka kuelekea bandarini na magodoro kichwani, na sufuria, na watoto mgongoni.

"Na ni kweli, Papa?"

"Kweli gani? Nimepita kambi ya jeshi sasa hivi. Askari wanakunywa chai."

Simu ya Pascasie ikalia. Alikuwa mama yake, Mama Adrienne, na nyuma yake kelele za watu wengi.

"Pascasie, uko hai? Tuko bandarini na watoto wa dada yako. Kuna boti ya kwenda Moba."

"Mama, musipande! Hakuna vita. Ni mimi nimeharibu kompyuta."

"Unasema nini? Sisikii!"

Simu ikakatika. Alipiga tena mara nne, haikupita.

Alirudi kwenye kiti. Akaandika amri ya kuitafuta kadi, akaikosea mara mbili. Mara ya tatu jibu likaja: hakuna kadi ya sauti iliyopatikana. Kadi ilikuwa mle ndani, aliigusa jana kwa mikono yake. Akashika diski ili aanze usakinishaji upya.

"Hiyo itachukua muda gani?" Papa Évariste aliuliza.

"Saa moja na nusu. Labda mbili."

"Boti haitangoja."

Pascasie aliiweka diski chini. Akaikalia mikono yake yote miwili, kama anavyofanya mtu asiyejiamini karibu na sahani ya mwenzake, akajilazimisha kufikiri. Jana sauti ilitoka. Tangu jana ni kitu gani kimebadilika? Usasishaji. Akatafuta orodha ya vilivyoingia, akaona. Kiini kipya cha mfumo, programu kuu inayoiendesha kompyuta, kilikuwa kimefika, lakini kifurushi cha pilote zake, zile programu ndogo zinazokiwezesha kiini kuongea na kadi ya sauti, kilikuwa kimebaki njiani mtandao ulipokatika. Jana, kabla ya kuzima, alikuwa bado anatumia kiini cha zamani. Leo kompyuta ilikuwa imeamka na kipya.

Aliiwasha upya, akashikilia kitufe, menyu ikatokea, akachagua kiini cha zamani. Dakika mbili zile Papa Évariste alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Jina la kadi likaonekana.

"Iko!" Pascasie alipiga kelele. Akapiga wimbo. Kimya.

"Iko wapi?" mzee aliuliza kwa sauti ya kulia.

Akafungua kidhibiti cha sauti. Milia ya kijani ilikuwa imesimama imejaa, lakini chini ya mstari mkuu kulikuwa na herufi mbili, MM. Imezibwa. Akabonyeza M mara moja, na muziki ukalipuka chumbani hadi Papa Évariste akajigonga kwenye kabati.

Mtangazaji hakuwa amefika. Papa Évariste alimsukumia maiki. Pascasie hakuwahi kusema hewani hata neno moja.

"Hapa ni redio yenu," alisema. "Mimi Pascasie, fundi. Hakuna aliyetukamata. Kompyuta imeharibika, na aliyeiharibu ni mimi. Mjini hakuna mapigano. Rudini nyumbani. Mama Adrienne, kama unanisikia, shuka kwenye boti, tafadhali."

Alirudia maneno hayo mara sita, bila muziki. Kufikia saa tatu watu wengine walianza kupanda kilima na magodoro yao. Baadhi yao walisimama nje ya studio wakimtukana, na yeye akatoka akawaomba msamaha mmoja mmoja.

Mama yake alipiga simu alasiri, akiwa bado ndani ya boti ziwani.

"Nilikusikia kwenye redio ya muntu mmoja," alisema. "Tulikuwa tumeishatoka. Boti imejaa, watoto wanatapika. Tutalala Moba."

"Mama, unisamehe."

"Mimi niliwaambia batu wote humu kwamba huyo njo mutoto wangu. Hawajafurahi."

Walirudi baada ya siku kumi na moja, boti ya kurudi ilipopatikana, wazima wote. Pascasie alikuwa bandarini tangu asubuhi, na boti ilipogusa mchanga kando ya gati aliingia majini hadi magotini kumpokea mtoto wa kwanza.