Chelewa, Dungwi wa Maramba

Nimekuwa mwamuzi wa mapambano ya madungwi hapa Tanga kwa miaka kumi na moja. Watu wakiniuliza ni pambano gani nisiloweza kulisahau, siumizi kichwa. Nawaambia ni lile la Pongwe mwaka jana, la mama Consolata wa Maramba. Wengi walilitazama kwenye simu. Mimi nilikuwa ndani ya duara, hatua tatu tu kutoka walipokuwa wakipambana.

Kwa asiyewahi kumwona dungwi: ni mmea unaotembea. Huota kutoka kwenye kiazi kikubwa, akatoa majani marefu manene yenye mwiba nchani, mfano wa mkonge. Chini ana mizizi minne au mitano anayoikanyagia kama miguu, na akitunzwa vizuri hufika kimo cha mbuzi. Hana macho wala masikio. Jua analijua kwa majani, na sauti anaisikia kwa mizizi, kupitia ardhini. Akitaka kunywa huchomeka mizizi kwenye udongo, akitaka kuondoka huichomoa. Porini hugombania mahali penye maji na kung'oana, na hapo ndipo watu walipopata mchezo. Tunachora duara kwa majivu, madungwi wawili wanaingia, na anayeng'olewa au anayesukumwa nje ya majivu ameshindwa.

Kazi yangu ya kila siku ni ushonaji, nina kibanda Ngamiani. Lakini wiki moja kabla ya fainali mwamuzi hulazimika kwenda kumkagua kila dungwi nyumbani kwake, aone kama hakuna aliyepakwa sumu kwenye miiba au kuchomekwa misumari. Ndiyo maana mwezi wa tisa mwaka jana nilifunga cherehani siku nzima nikaenda Maramba.

Nilimkuta mama Consolata uani anapepeta mchele. Mwanamke wa miaka sitini na ushei, mwembamba, kitenge kimefungwa juu ya gauni la kazi. Wazazi wake walitoka nyanda za juu kuja kukata mkonge, na yeye alizaliwa kambini, akakua akifundishwa kulima na kuimba kwaya ya Kilutheri. Maisha yake yote amekuwa akiotesha miche ya mboga na kuwauzia wakulima.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Sadalla, mwamuzi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa kwanza unywe chai, huyo unayemtafuta hakimbii."

Mumewe, mzee Noa, dereva mstaafu wa trekta, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba. Yeye ndiye aliyenisimulia dungwi yule alivyopatikana. Mkewe alikiokota kile kiazi sokoni, kwenye takataka, nusu yake imeoza. Akakata palipooza, akapapaka majivu, akakizika nyuma ya nyumba katikati ya migomba ili mbuzi wa jirani wasikifikie. Kiazi cha dungwi huchipua baada ya miezi mitatu. Hiki kilikaa miezi kumi na moja.

"Nilimwambia, mke wangu, wewe unamwagilia kaburi," alisema mzee Noa. "Kila asubuhi na kikombe chake cha maji! Watu wa kanisani walianza kuniuliza kama mama ni mzima."

"Na ulijibu nini?" niliuliza.

"Nilijibu sijui. Kweli sikujua."

Mama Consolata alicheka. "Kilikuwa kizito bado. Kiazi kilichokufa ni chepesi, ukikiinua unajua. Kile nilikuwa nakiinua kila Jumapili. Kizito. Basi nitaachaje?"

Kilipochipua wakampa jina Chelewa.

Alinipeleka migombani kumwona. Nilikuwa nimekagua madungwi zaidi ya mia mbili, na nakiri nilivunjika moyo. Wafugaji wengi huwaweka madungwi wao juani tangu wadogo, kwa sababu jua ndilo chakula chao. Wanatoka warefu, majani ya kijani kibichi yanayong'aa. Chelewa alikuwa mfupi, rangi yake karibu na nyeusi, na amepinda upande mmoja pale kiazi kilipokatwa. Nikajisemea moyoni, huyu alifikaje fainali?

Mama alichukua kipande cha kioo, akatoka nacho pembeni mwa migomba penye jua, akatupa mwanga mdogo ardhini mbele ya Chelewa. Dungwi akachomoa mizizi akaufuata. Mama akausogeza mwanga kushoto, naye akaenda kushoto. Akauzungusha, naye akazunguka, mzizi mmoja baada ya mwingine, bila kukanyaga hata mche mmoja wa nyanya uliokuwa pale chini.

"Hivi ndivyo alivyojifunza kutembea," alisema. "Sasa hahitaji kioo. Nikigonga chini anaelewa."

Kisha akapiga magoti, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Chelewa akatuma mzizi, akauzungushia kwenye kifundo cha mkono, akakaza. Niliona vidole vya mama vinageuka rangi. Dungwi akishika haachii. Hilo kila mtu analijua, na nimewahi kuona mfugaji Muheza akikatwa mzizi kwa panga ili mkono wake upone. Nikaruka.

"Mama!"

"Tulia, baba." Kwa mkono wa kulia akapiga udongo kwa kiganja mara mbili, taratibu. "Achia."

Mzizi ukalegea, ukarudi.

Nilimtazama mkono. Ulikuwa na alama nyingi nyembamba, za zamani na mpya, kutoka kifundo hadi kiwiko. Nikamuuliza ilimchukua muda gani kumfundisha.

"Miaka miwili na miezi. Kila siku baada ya chai."

"Lakini mama, wenzako wote wanawafundisha kukaza. Kwenye duara kuachia kutakusaidia nini?"

Alifuta udongo kwenye goti. "Mimi naishi naye, mwanangu. Wajukuu wanacheza hapa. Mwenye nguvu asiyejua kuachia simtaki nyumbani kwangu."

Nilimkagua Chelewa, miiba yote safi, nikaandika. Nilipokuwa naaga, mama aliniuliza mambo mawili tu. Duara litachorwa wapi mwaka huu? Nikamwambia palepale siku zote, Pongwe, upande wa mashariki wa ghala la zamani. Saa ngapi? Saa tisa alasiri. Akashukuru, akanifungia ndizi mbivu za kupeleka nyumbani.

Siku ya fainali watu walijaa mpaka barabarani. Bingwa wa miaka miwili mfululizo alikuwa Kifaru, dungwi wa Uweso, kijana wa palepale Pongwe anayeuza vipuri vya pikipiki. Kifaru alikuwa mkubwa kweli, mrefu kuliko meza, amelelewa juu ya paa la zege. Uweso alikuwa na desturi ya kumnyima maji siku tatu kabla ya pambano ili aingie na hasira. Kanuni zetu zilikuwa haziikatazi. Chelewa aliposhushwa kutoka kwenye pikapu, watu waliangua kicheko.

"Mama, huyo umemleta kupambana au kupandwa?" mmoja alipaza sauti.

Mama Consolata alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya mpira. Akachuchumaa nje ya majivu, kiganja chake kimelala juu ya udongo. Kanuni inaruhusu mfugaji kugusa ardhi, mradi asiingie. Uweso naye alisimama ng'ambo, akikanyagakanyaga chini kwa kisigino kumchochea wake.

Nikapuliza filimbi.

Kifaru alikuja kama tingatinga. Alimgonga Chelewa kwa kifua cha majani, nikaona majani mawili meusi yanachanika toka juu mpaka chini. Chelewa hakurudisha pigo. Alichomoa mizizi akarudi nyuma hatua moja, akachomeka tena. Kifaru akagonga. Chelewa akarudi. Watu walipiga kelele wakidhani anakimbia, na hata mimi nilianza kutazama mstari wa majivu nyuma yake, maana zilibaki kama hatua nne. Lakini nilikuwa karibu, nikaona jambo ambalo wa nje hawakuliona. Kila alipochomeka mizizi, mama alikuwa amegonga udongo kwa kidole kimoja. Na Chelewa hakuwa anarudi moja kwa moja. Alikuwa anapindisha, anamvuta Kifaru kuelekea upande wa ghala.

Saa tisa na nusu. Jua lilikuwa limeshapita juu ya paa, na kivuli cha ghala kilikuwa kinaingia ndani ya duara, kipana kama mkeka, kila dakika kinaongezeka.

Chelewa alirudi hatua ya mwisho, akaingia kivulini. Kifaru akamfuata kwa nguvu zote.

Sijui nieleze vipi kilichotokea kwa yule mkubwa. Alikuwa kama mtu aliyeingia kwenye maji baridi ghafla. Majani yake, yaliyozoea jua kali la paa tangu siku ya kwanza, yalianza kuinama. Alinyoosha mzizi kupiga, ukaja polepole. Na Chelewa, aliyekulia migombani, ambaye kivuli ndicho nyumbani kwake, aliinuka. Naapa aliinuka, akawa mrefu kuliko nilivyomwona siku yoyote. Mizizi mitatu ikazama ardhini, wa nne ukapita chini ya majani ya Kifaru ukamshika kwenye shina, pale kiazi kinapoungana na mzizi mkuu. Akakaza.

Kelele zikazimika. Kila mfugaji pale alijua maana ya mahali pale. Mzizi mkuu ukikatika, dungwi hapati tena kunywa, na jioni ameshakauka. Nilisikia mlio mdogo wa nyuzi zinazoanza kukatika. Uweso alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mama Consolata akapiga udongo kwa kiganja mara mbili.

"Achia."

Chelewa akaachia.

Kwenye pambano, ameshika, ameshinda, damu ya mchezo imechemka, dungwi akaachia. Miaka kumi na moja nilikuwa sijaona, na wazee walioniachia filimbi hii hawakuwahi kuona. Filimbi ilinidondoka mdomoni ikaning'inia kwenye kamba yake.

Kifaru, mkavu na mwenye kiu ya siku tatu, hakujua alichosamehewa. Alijikokota akaja tena kugonga. Mama akagonga kwa kidole, na Chelewa akamkinga kwa ubavu wake uliopinda, akamsukuma polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa mlangoni, mpaka mizizi yote ya Kifaru ikavuka majivu.

Nilinyanyua bendera upande wa Maramba.

Watu walivamia duara na simu zao. Mama Consolata hakuwaangalia. Alichukua dumu la maji alilomletea Chelewa, akalipeleka kwanza kwa Kifaru, akammiminia nusu nzima shinani. Uweso alikuwa amesimama pale pale.

"Shikamoo mama," alisema hatimaye.

"Marahaba. Mfunike kwa gunia bichi leo, na kesho usimpandishe juu ya paa. Mzizi wake umejeruhiwa kidogo, utapona. Maji asubuhi na jioni."

"Ulijua kivuli kitafika saa ngapi?"

"Tulikuja jana na mzee Noa, tukakaa hapa mchana kutwa. Tulikula mihogo tukikitazama."

Mzee Noa, aliyekuwa amemkumbatia Chelewa kwa kitenge ili watu wasimguse, aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Mwezi uliofuata wafugaji na waamuzi tulikutana, na nilisimama mwenyewe kupendekeza kanuni mpya: dungwi yeyote akaguliwe maji kabla ya kuingia, na akiwa mkavu asiruhusiwe. Nilitegemea ubishi. Wa kwanza kunyoosha mkono kuniunga alikuwa Uweso.

Mwaka huu mama Consolata hakushindana. Mwezi wa pili alinipigia simu, sauti yake ya furaha kama ya binti. "Mwanangu, njoo uone. Chelewa ametoa maua." Nilikwenda siku ileile. Katikati ya majani meusi ulikuwa umesimama mlingoti mrefu kupita migomba, umebeba maua ya manjano, na nyuki wamejaa. Dungwi akishatoa maua hapambani tena. Huishi miezi michache, kisha hulala.

Tulikaa chini yake, mimi, mama na mzee Noa, tukanywa chai. Mama alinionyesha mahali ambapo viazi vidogo vilikuwa vimeanza kujitokeza kwenye mlingoti, arobaini na kitu. Kutoka Ushongo, Muheza na kwingineko watu walikuwa wameshampigia simu wanavitaka, na wengine walitaja bei ya kutisha. Alikuwa amewajibu wote neno moja, kwamba haviuzwi, lakini anayekitaka aje akae naye wiki nzima, alale hapo, aamke naye.

"Wangapi wamekubali?" niliuliza.

"Mpaka sasa watano. Mmoja anaanza leo."

Akageuka akaita kuelekea nyuma ya nyumba. Uweso akatokea migombani, suruali imekunjwa mpaka magotini, udongo mpaka kwenye nyusi, ameshika ndoo mbili tupu.

"Mama, nimemaliza mstari ule. Niendelee na nyanya?"

"Njoo unywe chai kwanza," mama Consolata alimwambia, akamsogezea kikombe.