Kundi la Watu Wanane

Kalolaine hakuuomba uongozi ule. Mhadhiri alimteua kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote wa uuguzi, mama wa watoto watatu aliyerudi chuoni akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

"Unda kundi la mtandaoni la somo la ukunga," mhadhiri alimwandikia kutoka ng'ambo. "Watu wanane, mkutano mmoja kila wiki, na sauti zote zirekodiwe. Atakayekosa mikutano minne atapoteza nafasi yake chuoni."

Wanafunzi wenyewe walikuwa wametawanyika katika visiwa vya Tonga, na Kalolaine alilianza jambo hilo kama Mtonga yeyote mwenye adabu. Kabla ya kufungua chumba cha mazungumzo alimpigia simu kila mmoja wa watano waliokuwa kwenye orodha pamoja naye, akauliza swali moja: "Una kaka au dada humu?" Kaka wa Kitonga si wa tumbo moja tu; mtoto wa baba mkubwa au wa mama mdogo ni kaka vilevile. Msichana akishakua hakai naye chumba kimoja, sembuse kuzungumza mbele yake habari za uzazi. Wote wakajibu hawana.

Katika mkutano wa kwanza aliyeng'ara zaidi ni Uinise, binti wa kisiwa cha 'Eua. Alisoma akiwa ameketi nje ya ukuta wa shule, mahali pekee ambapo simu yake ilishika mtandao. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki kwenye boti, akivuja damu baada ya kujifungua, kwa kuwa kijijini kwao hapakuwa na mkunga. "Nitarudi kuwa mkunga huko," alisema. Hakuna aliyelitilia shaka neno lake.

Jumatatu iliyofuata mhadhiri alituma majina mawili ya waliochelewa kujiandikisha. Sufuria ya magimbi ilikuwa inafurika jikoni na mtoto wa mwisho alikuwa anatafuta kiatu. Kalolaine akayaingiza majina yale mawili kwenye kundi, akakimbilia sufuria. Hakupiga simu.

Tangu siku hiyo Uinise akawa hakai mkutanoni. Jina lake lilionekana mwanzoni mwa mkutano, kisha likatoweka.

"Yule wa 'Eua kakimbia tena?" aliuliza Lesieli, mcheshi wa kundi. "Au kuku wao hutaga saa hii hii?"

"Mwacheni," akadakia mwingine. "Mtandao wa 'Eua huja kwa miguu, na leo umechoka."

Wakacheka. Pauliasi, mmoja wa wale wawili wapya, kijana aliyekulia Auckland, naye alicheka, kisha akaendelea kusoma kwa sauti ukurasa wake.

Kalolaine alimwandikia binti yule faraghani mara mbili. "Kuna shida gani, mwanangu?" Mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile: "Hakuna shida, Mama Kalo. Naomba radhi."

Uinise alipohesabiwa kukosa mkutano wa nne, fomu ya chuo ilidai sababu. Kalolaine alifikiri kidogo, akaandika: *Huondoka bila sababu.* Siku tatu baadaye Uinise alifutwa chuoni.

Wiki iliyofuata alifariki mama mmoja wa kanisani kwao, na Kalolaine akaenda kuimba na kwaya msibani. Huko nyuma ya nyumba, penye tanuri la ardhini, walikuwapo watoto wa kaka za marehemu, ambao kazi zote za jikoni huwa zao. Walikuwa wamejifunga viunoni mikeka mikubwa iliyochakaa, ishara ya unyenyekevu mbele ya shangazi yao. Miongoni mwao alimwona Uinise, aliyekuja kwa meli, akisugua vyungu. Kisha mlangoni akatokea Pauliasi na kikapu cha viazi vikuu, akiwa na mkeka kama ule ule kiunoni. Uinise akainamisha kichwa, akaacha chungu, akatoka kwa mlango wa pili.

Kalolaine aliwahi kuuona mwendo ule: kwenye kioo cha simu, jina likiingia na jina likitoka.

Alimfuata nje. "Pauliasi ni kaka yako?"

"Baba zetu ni tumbo moja," Uinise alijibu, akiipangusa mikono yake. "Alilelewa na babu yake wa upande wa mama, akachukua jina la huko. Amerudi juzi juzi tu. Hanijui vizuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Mama Kalo? Kundi ni moja. Ningesema kaka yangu atolewe?"

"Andika rufaa. Nami nitashuhudia."

"Wataandika jina lake. Atajua alichosoma mbele yangu. Akijua, ataacha chuo, nami nitakuwa nimemwaibisha kaka yangu mbele za watu." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Niahidi hutaandika."

Kalolaine alimshika bega, lakini hakuahidi.

Aliandika usiku huo huo, akalibeba kosa lote yeye mwenyewe: hakuuliza, alipaswa kuuliza. Ofisi ya chuo ilijibu kwa adabu. Rufaa hupokewa kutoka kwa mwanafunzi mwenyewe tu, na nafasi ile ilikwisha kupewa mwanafunzi wa kundi jingine. Hata hivyo, kwa ajili ya kumbukumbu, walikuwa wamempigia Pauliasi simu kuthibitisha undugu.

Pauliasi alimpigia Kalolaine jioni.

"Mama Kalo, ni kweli? Dada yangu alikuwa humo?"

"Aliondoka, mwanangu. Kila mara aliondoka."

"Mara ya kwanza, niliposoma ule ukurasa wa uchungu wa kuzaa. Aliondoka baada ya dakika ngapi?"

Muda ulikuwa umerekodiwa, na Kalolaine aliujua. Angeweza kudanganya. "Kumi na mbili," alisema.

"Bibi alinifundisha mwiko wa kaka na dada kabla sijajua kusoma," Pauliasi alisema, kisha akakata simu. Asubuhi akajiondoa chuoni. Kutoka 'Eua haukuja ujumbe wowote, si wa lawama wala wa salamu.

Jumatatu mhadhiri aliandika: "Kundi lako sasa lina mahudhurio kamili. Hongera."

Saa ya mkutano ilipofika, Kalolaine aliita majina. Yalikuwa sita, na wote walikuwapo.

"Ala!" alisema Lesieli. "Leo hakuna wa kukimbia?"

Mmoja akacheka. Kalolaine akabonyeza kitufe cha kurekodi, akamwomba Lesieli asome.