Uji Katika Ganda la Yai

Yaya watatu walipita katika nyumba ya Bwana Halvor, Mnorwe aliyesimamia shamba la katani nje kidogo ya Lindi, na aliyedumu ni Biasha peke yake. Wenzake walishindwa na mke wa bwana, Bibi Ragna, ambaye Kiswahili chake siku zile kilikuwa cha kuamrisha tu. Biasha hakuwa na pa kurudi. Tena alikuwapo Elifu.

Elifu alikuwa mtoto wa pekee wa nyumba ile. Wazazi walimpa jina la kwao lililomshinda kila mtu ulimi, Biasha akalifupisha, likawa Elifu. Alipotimiza mwaka na nusu alikuwa mchokozi wa kuku na mropokaji asiye na breki. Kisha masika yakaja na homa, na homa ikaja na degedege. Daktari alifanya aliloweza. Mtoto akapona, ikiwa kule ni kupona: shingo ililegea, macho hayakushika kitu, na maneno yake yote, ya kwao na ya kwetu, yakampotea.

Kwa miezi minne Bibi Ragna alimtazama mwanawe kwa mbali. Siku moja akamketisha Biasha jikoni.

"Biasha, huyu si mtoto wangu."

"Ni wako, Bibi. Nimemwogesha mimi tangu kitovu hakijaanguka."

"Hapana. Wamembadilisha."

Ndipo akaeleza. Milimani kwao, alisema, huishi matrolu, majitu yenye pua ndefu na mkia wa ng'ombe. Jua likiyapiga hugeuka mawe, na kengele ya kanisa ikilia hukimbia. Nayo hupenda watoto wa watu kwa uzuri wao. Huja yakamwiba aliyelala, yakaacha wa kwao, kizee cha miaka mia kilichojifanya mtoto. Biasha alisikiliza bila kushangaa sana. Kwao hayo yangeitwa mazimwi, naye aliyaogopa utotoni kama mtu mwingine yeyote. Kilichomshangaza ni kwamba yanaweza kupanda meli.

"Bibi yangu alijua dawa," Bibi Ragna aliendelea. "Unapika uji ndani ya ganda la yai, mbele yake. Kama ni trolu atashangaa, atajisahau, atasema. Akisema, tumemjua. Basi Alhamisi tatu, jioni, unampiga viboko juu ya jaa, mpaka mama yake asikie kilio, aje amchukue na kunirudishia wangu."

"Na asiposema?"

Bibi Ragna akaitazama mikono yake. "Basi ni wangu."

Biasha akaanza kufuta meza iliyokuwa safi, na asiyemjua angedhani ni woga wa mtumishi. Hasha. Mawazo yalikuwa yamemrudisha kijijini kwao, nyuma ya Kinjumbi, miaka sita iliyopita, alipokuwa na binti aitwaye Somoe. Jino la kwanza la Somoe lilichomoza juu. Biasha, msichana mwenye furaha na akili za kitoto, alimbeba mtoto akicheka mpaka kwa mama mkwe, akamfunua mdomo: tazama, mjukuu wako ana jino! Mama mkwe hakucheka. Mtoto aanzaye meno ya juu ni kigego, na kigego, walisema, huumaliza ukoo. Serikali ilikuwa imekataza mambo hayo, lakini Serikali ilikaa mbali, Kivinje. Wanawake wawili wa ukoo wakamchukua Somoe, wakasema wanampeleka bara, kwa watu watakaomlea. Wakarudi kabla ya magharibi. Bara gani hiyo ya kwenda na kurudi kwa mchana mmoja? Biasha hakuuliza, na hajajisamehe mpaka leo. Angefunga mdomo wake juma moja tu, meno ya chini yangetoka, na nani angejua lipi lilitangulia?

"Nitapika, Bibi," akasema. Angekataa, Bibi angepika mwenyewe.

Kesho yake mchana akawasha moto uani, akamketisha Elifu mkekani. Alilishika ganda la yai kwa koleo, akatia maji kijiko kimoja na unga kidogo, akakoroga kwa kijiti. Bibi Ragna alijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Uji ukachemka. Elifu aliutazama moto, au alitazama pale moto ulipokuwa. Muda ukapita, na yule mama uvumilivu ukamwishia. Akatoka mafichoni, akakatiza ua mbio mbio kuelekea barazani, uso mikononi. Elifu akaiinua ile shingo isiyoinuka, akamfuata kwa macho.

"Mama," akasema.

Lilitoka zima, safi. Koleo likamponyoka Biasha, ganda likaangukia motoni. Kule kiwandani mashine ya korona ilikuwa ikinguruma, ikichana katani, na Bibi Ragna alikuwa keshapinda pembe ya nyumba. Hakusikia. Neno alilolililia miezi minne lilipita nyuma ya mgongo wake. Biasha alitaka kumkimbilia kwa vigelegele, alitaka hivyo kwa mwili wake mzima. Akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.

Bibi alirudi macho mekundu. "Amesema?"

"Hajasema, Bibi."

"Apa kwa Mungu wako."

"Wallahi, hajasema hata neno."

Bibi Ragna akapiga magoti mavumbini, akamkumbatia Elifu, akalia kwa sauti mpaka mpishi akatoka kutazama. Tangu siku ile alimlisha kwa mkono wake na kumlaza ubavuni pake. Biasha akafunga siku tatu kwa kiapo chake cha uongo, akaona amelipa.

Lakini mtoto hakulirudia neno. Kila alipopata yai, Biasha alipika uji gandani kwa siri, akamgeuza Elifu aone mgongo wa mama yake ukienda, ili aite tena, ili safari hii Bibi aitwe mbio mbio aje asikie. Elifu alitazama tu. Masika ya pili homa ikarudi, na haikuchukua siku tatu kummaliza.

Walimzika upande wa mikorosho, Bwana Halvor akisoma kitabu chake kwa sauti iliyokatikakatika. Watu walipotawanyika, wakabaki wale wanawake wawili, magoti udongoni.

"Nashukuru alikuwa wangu," alisema Bibi Ragna. "Lakini hakuniita, Biasha. Tangu ile homa, hata mara moja. Pengine hakunijua."

Biasha hakuweza tena. "Alikuita, Bibi. Siku ile ya uji. Ulipokimbia alikutazama, akasema mama. Nilikuficha, niliogopa vile viboko. Wallahi, Bibi, alikuita!"

Bibi Ragna akamgeukia. Biasha alingoja hasira, na angeipokea kwa mikono miwili. Uso ule ulikuwa na upole tu.

"Una moyo mzuri," alisema, akimpapasa mkono. "Lakini usiape uongo kwa ajili ya kunifariji. Siku ile uliniapia, nami nilikuamini."

"Bibi, nakwambia kweli..."

"Basi, Biasha. Nimekusikia."

Akainuka, akakung'uta udongo magotini, akaenda zake. Biasha akabaki kando ya kaburi na neno lisilokuwa lake, wala hakuna wa kumpa.