Mgonjwa Sana

Barua ilifika Bristol siku tatu kabla ya Noeli ya mwaka 1953, ile karatasi nyembamba ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Donatus Masele aliikuta mezani ukumbini, chini ya kadi za sikukuu za watu wengine. Chuo cha ualimu kilikuwa kimefungwa, wenzake wamekwenda kwao, na nyumba nzima ya wapangaji alibaki yeye na mwenye nyumba, Bibi Harper, mjane aliyependa kumwuliza kama huko Tanganyika mvua inanyesha.

Mwandiko hakuujua. Barua za nyumbani siku zote aliziandika Katekista Valerian, herufi zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, na salamu zilimaliza ukurasa mzima: ng'ombe hawajambo, majirani hawajambo, baba yako mdogo Jilala anakusalimu sana. Hii haikuwa na salamu hata moja. "Mama yako ni mgonjwa sana. Tafadhali jibu upesi." Basi.

Donatus akaisoma mara moja, akajua mama yake amekufa.

Usimcheke. Kwetu mtu aliye mbali hapewi msiba kwa karatasi, akaanguka peke yake bila wa kumshika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunakificha kifo chenyewe ndani ya maradhi. Mtu akiumwa, unaandikiwa kwamba hajambo. Akizidiwa, anaumwa kidogo. Ukiona "mgonjwa sana", ujue kaburi limekwisha kufukiwa. Donatus alikuwa shuleni Tabora alipoandikiwa kwamba baba yake, mchimbaji katika mgodi wa Geita, ni mgonjwa sana. Alipanda gari moshi hadi Mwanza, akavuka ziwa, akafika nyumbani akakuta udongo wa kaburi umeanza kupasuka kwa jua. Hakumlaumu mtu. Ndivyo wenye adabu wanavyofanya.

Basi akafanya yampasayo mfiwa. Alitoa wembe, akanyoa kichwa chote mbele ya kioo kidogo cha chumbani, akasukuma kiti pembeni na kukaa chini sakafuni. Nje watoto wa Kizungu walikuwa wakiimba mlango kwa mlango. Alitaka kulia kwa sauti kama wanavyolia watu, lakini kulia peke yako ni kama kucheza ngoma peke yako. Machozi yalitoka, sauti ikakataa.

Siku ya Noeli Bibi Harper alipanda ngazi na sahani ya nyama na viazi, kofia ya karatasi nyekundu kichwani. Alipoona kile kipara na mtu aliyekaa sakafuni, akaivua kofia upesi.

"Bwana Masele, una nini?"

"Mama yangu amefariki."

"Maskini! Wamekuandikia?"

"Wameandika kwamba ni mgonjwa sana."

Bibi Harper akamtazama. "Basi ni mgonjwa. Mwandikie! Leo hii!"

Donatus alimwonea huruma. Wazungu hawa, aliwaza, wanasoma kilichoandikwa tu. Akamshukuru kwa chakula, na mlango ulipofungwa akaiacha sahani ipoe.

Kesho yake aliandika, lakini hakumwandikia mama. Alimwandikia baba mdogo. "Baba, shikamoo. Nimeelewa. Poleni kwa kumzika mama bila mimi. Nimenyoa. Kuna jambo linanitafuna. Siku ninaondoka, mama alinisindikiza mpaka Kalangalala, akasimama barabarani analia. Lori lilipoondoka sikugeuka nyuma, kwa kuwa niliona haya mbele ya wenzangu. Sasa nitamgeukia wapi? Nitunzieni kanga yake moja." Akaipeleka posta mwenyewe, baridi ikimchoma kichwa kitupu.

Jibu lilikuja katikati ya Januari, kwa mwandiko ule ule usio na salamu.

"Bwana Masele, mimi ni Januari, karani wa mgodini, mtu wa Tanga. Katekista alikuwa parokiani kwa ajili ya Noeli, ndipo mama yako akaniita nikuandikie. Niliandika alichosema: ni mgonjwa sana, jibu upesi. Tangu hapo kila siku ya posta alikuwa akiuliza. Barua yako ilipofika, aliagiza aletewe, isomwe kwa sauti. Nikasoma. Bwana Jilala alinishika mkono ninyamaze, lakini nilikuwa nimekwisha kupita mahali pa kumzika. Mama yako amelia. Kisha amesema niandike hivi: Mwanangu, sijafa. Siku ile ya Kalangalala sikukasirika, nilijua unaona haya. Nywele usinyoe tena. Ziache ziote, ukija nitakunyoa kwa mkono wangu kama zamani. Jibu upesi, nataka kusikia unaniamkia."

Safari hii sauti ilitoka. Alilia mpaka Bibi Harper akaja mbio, na alipokwisha kuelezwa hakusema, "Nilikwambia." Alimletea koti tu.

Wiki tatu mama yake alikuwa amelala anamngoja, na yeye wiki tatu amekaa sakafuni anamlilia. Donatus alitamani kujizaba makofi. Alikwenda posta akapiga simu ya maandishi, MAYU SHIKAMOO SAMEHE DONATUS, mayu ndilo neno la kwao la mama, na karani wa posta akamwuliza mara mbili hayo ni maneno ya lugha gani. Jioni ile akaandika na barua, kurasa nne, zote za mama.

Akangoja. Darasani alikaa kama gunia. Kila asubuhi alishuka ngazi kabla mtu wa posta hajafika, na kila asubuhi alipapasa kichwa: nywele zilikuwa zinaota.

Mwishoni mwa wiki ya pili barua ikaja. Kabla hajaifungua aliona herufi zilizolala upande mmoja. Katekista Valerian alikuwa amerudi kazini. Ng'ombe hawajambo. Majirani hawajambo. Baba yako mdogo Jilala anakusalimu sana. Simu yako tumeipokea sisi sote, na barua yako pia. Chini kabisa, karatasi ikiwa imekaribia kwisha: "Mama yako ni mgonjwa sana. Usihangaike, mwanetu. Soma kwa bidii."

Aliisoma mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Tumeipokea sisi sote: na yeye? Nani alimsomea? Labda katekista naye, baada ya aibu ile, amejifunza kuandika kama Januari, na mgonjwa ni mgonjwa. Labda hakujifunza kitu. Alitafuta mstari mmoja tu, mahali mama amesema marahaba, mbele ya karatasi na nyuma, hata pembeni palipobandikwa gundi. Haukuwamo.

Akafungua mtoto wa meza, akautoa wembe. Akaushika mpaka ukapata joto la mkono wake. Alikuwa amekwisha kumzika mama yake mara moja naye yu hai, na hakuthubutu kumzika mara ya pili; wala kutumaini hakuthubutu. Akaurudisha wembe mahali pake, akaketi mezani na karatasi mpya ya buluu.

"Mama, shikamoo," aliandika, akaacha nafasi ya mstari mmoja kabla ya kuendelea.