Kama Una Hakika, Sema Hapana

Usiku wa jana niliota nimebeba herufi h kwenye kikapu, naipeleka kwa Kiini, na hasira zimenijaa hadi kooni.

Hasira hizo nililala nazo. Mimi hurekebisha tahajia katika maelezo ya kiini cha mfumo wa kompyuta, yale yanayomshauri mtu awashe nini na azime nini. Chini ya kila swali la ndiyo au hapana tulikusudia kuandika: "Kama huna hakika, sema hapana." Mtu akaila h. Ikabaki "una". Nimepeleka sahihisho mara tatu, na mara tatu msimamizi wetu, Bwana Ngassapa, amenijibu: "Bi Tunu, herufi moja haiui mtu."

Basi naingia ofisini kwa Kiini. Ni kiini cha yai, kimekaa kitini, kinachuruzika kidogo. Juu yake kuna ubao: KAMA UNA HAKIKA, SEMA HAPANA. Mbele yake wamesimama mama yangu na Bwana Ngassapa.

"Huyu ni mwanao?" Kiini kinamwuliza mama.

Mama ananitazama kuanzia utosini hadi unyayoni. "Hapana."

"Mama! Mimi Tunu!"

"Najua, mwanangu. Uchungu wako naukumbuka mpaka leo. Nina hakika kabisa, ndiyo maana nasema hapana."

Analia, lakini anatii ubao. Mama yangu hutii chochote kilichoandikwa, hata "Usikanyage majani" mahali pasipo na majani.

Kiini kikamgeukia Bwana Ngassapa. "Na wewe? Ni mwanao?"

"Sina hakika," akasema, akijikuna kidevu. "Kwa hiyo ndiyo."

Kikagonga muhuri. Nikawa binti Ngassapa.

Sijawahi kukasirika vile. "Yai viza wewe!" nikakipigia kelele.

"Mimi nafuata maandishi," kikasema Kiini.

Ofisi sasa ni jiko la mama, ila ubao upo palepale, juu ya mafiga. Napanda kinu kilichopinduliwa, navua kiatu cha kulia, naanza kuipigilia h mbele ya "una".

"Polepole, mgongo wangu!" inalalamika h. "Midomo ya watu hunimeza tangu zamani, hiyo nimezoea. Kumezwa na maandishi sikubali. Haya, piga!"

Nikapiga. Mama akausoma ubao upya, akafuta machozi, akafungua mdomo. Nikaamka kabla hajasema.

Niliwasha kompyuta kabla ya kunawa uso, nikapeleka sahihisho mara ya nne. Penye sababu niliandika: "Herufi hii imeninyang'anya mama." Bwana Ngassapa na acheke akitaka.

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Ndiyo," akasema, hata salamu hakutoa.

"Ndiyo nini, mama?"

"Sijui, mwanangu. Nimeamka nayo mdomoni."